Asha Haji Elmi na ukoo wa sita: Nani hupewa kiti vita vikizungumzwa?

Mei 11, 2023, wajumbe wa jeshi la Sudan na wa kikosi cha RSF walikutana Jeddah, Saudi Arabia, wakatia saini tamko la kuwalinda raia. Vita vyao vilikuwa havijatimiza hata mwezi. Tamko lenyewe lilisomeka vizuri: hospitali zisivamiwe, misaada ipishwe njia, maiti waokotwe na kuzikwa. Walioweka saini walikuwa maafisa wa kijeshi, mmoja kila upande, wote wanaume. Siku chache baadaye wakaahidi kusitisha mapigano kwa juma moja. Juni ilipoanza, mazungumzo yalikuwa yamekwama na makombora yanaendelea kuanguka Khartoum.

Siku zilizotangulia kikao hicho, meli za Saudia zilikuwa zikivusha maelfu ya watu kutoka Port Sudan hadi Jeddah. Jiji hilo ni lango la mahujaji, na mitaa yake ya zamani kama Bani Malik ilikuwa makao ya wahamiaji wa Kiasia na Kiafrika kwa miaka mingi. Wasudani waishio Saudi Arabia ni wengi mno. Kwa hiyo wanawake wenye la kusema kuhusu Khartoum na Darfur hawakuwa mbali na ukumbi, ila hawakualikwa. Wahenga walishasema kwamba asiyekuwepo na lake halipo.

Nani aketi pale vita vinapozungumzwa? Swali hili lilishapata jibu la aina yake huku kwetu, katika mji mdogo wa Arta nchini Djibouti, mwaka 2000. Aliyelitoa ni Asha Haji Elmi, mwanaharakati wa haki za wanawake kutoka Somalia, pamoja na wenzake. Jibu lao lilikuwa la werevu mkubwa, na mpaka leo lina mafunzo mawili: moja la jinsi ya kuingia ukumbini, jingine la jinsi kiti kinavyoweza kuporwa baada ya kukipata.

Binti wa huku, mke wa kule

Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991. Waliomng'oa hawakuchukua muda kugeuziana mitutu. Kufikia mwisho wa mwaka huo, Mogadishu ilikuwa imepasuka vipande viwili: upande wa kaskazini ukimtii Ali Mahdi Mohamed, wa kusini ukimtii Jenerali Mohamed Farah Aidid. Mitaa ambayo watu walipita bila kufikiri ikawa na mpaka, na swali la kwanza kwenye kizuizi likawa moja tu: wewe ni wa ukoo gani?

Mwanamume wa Kisomali alikuwa na jibu la swali hilo tangu utotoni. Anahesabu majina ya baba zake kwenda nyuma, na hesabu hiyo inamweka mahali pake. Mwanamke naye huzaliwa na ukoo wa babake, lakini mara nyingi huolewa nje ya ukoo huo. Watoto anaozaa ni wa ukoo wa mumewe, huku kaka zake wakibaki wa ukoo wa babake. Enzi za amani, huko kulikuwa kutajirika: ndugu pande mbili, malisho pande mbili, pa kukimbilia pande mbili. Vita vilipoingia, mwanamke huyohuyo akawa anashukiwa kotekote. Kaka zake walimwona mke wa adui, na shemeji zake walimwona dada wa adui.

Asha Haji Elmi alikuwa mmoja wao. Ukoo aliozaliwa na ukoo alioolewa zilijikuta pande zinazopigana. Ameeleza mara kadhaa jinsi alivyojiona hana pa kusimama, na jinsi mawazo hayo yalivyomfikisha kwenye uamuzi kwamba kama koo zote mbili zinamkana, basi kitambulisho kimoja ambacho hakuna wa kumvua ni uanamke wake. Mwaka 1992, Mogadishu ikiwa katikati ya vita na njaa, yeye na wanawake wenzake wa koo mbalimbali wakaanzisha shirika la Save Somali Women and Children. Kukutana kwenyewe kulikuwa hatari. Wanawake waliotoka pande mbili za mji uliogawanyika walikaa chumba kimoja, wakati kaka na waume zao wakiviziana kwenye mapaa.

Isidhaniwe kwamba wanawake wa Somalia walikuwa malaika wa amani tangu mwanzo. Wapo waliouza dhahabu zao zikanunuliwa silaha, na wapo waliowatungia wanaume mashairi ya kuwachochea waende vitani. Lakini wapo pia, na wengi, waliovuka mipaka ya mji kwa miguu kupeleka ujumbe wa wazee, kwa sababu ni mke tu aliyeweza kuingia kambi ya mumewe na ya babake akarudi salama. Katika mila za wafugaji, hata binti wa kuozwa alitumika kuzima kisasi kati ya koo mbili. Mwanamke alikuwa muhuri wa mapatano ambayo hakuketi kuyazungumza.

Mkono mtupu haulambwi

Baada ya 1991 yalifuata makongamano ya upatanisho yasiyopungua kumi. Mengi yalikuwa na kanuni isiyoandikwa popote: mwenye wapiganaji ndiye mwenye mwaliko. Mbabe wa vita alifika na ujumbe wake, akalala hoteli, akala posho, akatia saini, akarudi nyumbani kuwapanga upya vijana wake. Mkono mtupu haulambwi, na mwanamke hakuwa na kikosi cha kuweka wala kukataa kuweka silaha chini.

Mwaka 1993, mjini Addis Ababa, mlango ulifunguka kidogo. Wanawake walikuwapo pembezoni mwa kongamano, na walipoona wakubwa wanavutana bila mwisho, wakafunga kula hadharani mpaka wanaume wafikie uamuzi. Makubaliano yaliyotiwa saini Machi mwaka huo yalipanga Baraza la Mpito la watu 74. Mikoa 18 ya nchi ingetoa wajumbe watatu kila mmoja, na katika watatu hao mmoja awe mwanamke. Maana yake wanawake 18 katika baraza, tena kupitia mikoa, si kupitia koo. Kwa karatasi lilikuwa jambo kubwa. Kwa vitendo, baraza hilo halikuundwa kamwe, maana wababe walewale waliotia saini ndio waliokuwa na uwezo wa kulizika.

Somo hilo Asha na wenzake walilibeba kwa miaka saba iliyofuata.

Arta: kuingia kwa hesabu yao

Mwaka 2000 Rais Ismail Omar Guelleh wa Djibouti aliamua kubadili utaratibu. Badala ya kuwaanza wababe wa vita, aliwaita Arta, mji wa vilimani nje ya jiji la Djibouti, wazee wa koo, masheikh, wafanyabiashara, wasomi na mashirika ya kiraia. Kongamano lilianza Mei na kuendelea hadi Agosti. Wababe wengi walisusa.

Hapo ndipo ilipokamilishwa ile hesabu ambayo hadi leo Wasomali huiita nne na nusu. Koo kubwa nne, yaani Darod, Hawiye, Dir na Digil-Mirifle, zigawane viti sawasawa, na jamii ndogo zote zilizobaki zipewe kwa pamoja nusu ya fungu la ukoo mmoja. Kila mjumbe aliyeingia ukumbini alipaswa kuwa ndani ya mojawapo ya mafungu hayo matano.

Wanawake walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kupinga hesabu yenyewe: kusimama na kusema siasa ya koo ndiyo iliyoiua Somalia, na kwamba taifa halijengwi kwa mafungu. Wangekuwa na haki, na wangebaki nje ya ukumbi. Ya pili ilikuwa kuikubali hesabu kama ilivyo, kisha kuongeza fungu. Waliichagua hii ya pili. Kama njia ya kuingia ni ukoo, wakasema, basi na sisi ni ukoo. Nyinyi ni watano, sisi ni wa sita.

Ukumbi ulishtuka, na ilikuwa haki yake kushtuka. Ukoo huo mpya haukuwa na babu wa kuhesabiwa, haukuwa na ardhi, visima, ngamia wala wapiganaji. Ulichokuwa nacho ni watu, na watu hao walikuwa tayari wamo ndani ya koo zote tano. Hakuna mzee aliyeweza kusema hawajui, kwa kuwa ni mabinti zake, wake zake na mama zake.

Pingamizi zilikuja. Kubwa kuliko zote haikuwa ya dini wala ya maadili. Ilikuwa ya hesabu. Mwanamke akipewa kiti bungeni, kiti hicho kiandikwe kwa ukoo wa babake au wa mumewe? Mzee wa ukoo aliyekuwa anapigania kila kiti kwa meno aliona hapo upenyo wa wizi. Wanawake walizijibu hoja kwa hoja, wakawatembelea wazee mmoja mmoja, wakawasaka wenye sauti katika kila ujumbe. Na walipoona hoja hazitoshi, walitumia buraanbur, ushairi wa wanawake wa Kisomali unaoimbwa kwa ngoma na makofi, mmoja akighani na wenzake wakimwitikia. Ni sanaa ya harusini na kwenye mikusanyiko ya wanawake. Waliipeleka mbele ya wajumbe na kuwaimbia wanaume habari za wajane, za watoto waliozikwa, na za nchi iliyobaki bila mwenyewe. Katika jamii inayomheshimu mshairi kuliko mhutubu, mzee anaweza kupuuza risala, lakini si rahisi ainuke na kuondoka shairi likiendelea.

Bunge la mpito lililozaliwa Arta lilikuwa na viti 245. Kati ya hivyo, 25 vilitengewa wanawake, na Asha akawa miongoni mwa waliovikalia. Kwa Somalia lilikuwa jambo lisilowahi kutokea. Ikumbukwe pia kwamba Arta ilimalizika Agosti. Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lile linalonukuliwa kila mahali kuhusu wanawake na amani, lilipitishwa Oktoba 31 mwaka huohuo. Wanawake wa Somalia walishapata viti vyao bila kusubiri New York.

Wajir walianzia sokoni

Upande wa pili wa mpaka, mji wa Wajir, Kenya, ulikuwa umeshaonyesha njia nyingine. Kaskazini Mashariki iliishi chini ya hali ya hatari tangu miaka ya 1960 hadi mwishoni mwa 1991. Watu wake walikuwa hawajasahau Wagalla, uwanja wa ndege ambako wanajeshi wa Kenya waliua wanaume wengi wa Degodia Februari 1984. Kisha Somalia ikaporomoka, na bunduki na wakimbizi wakaingia pamoja, ukame nao ukafuata. Kuanzia 1992 koo za Ajuran, Degodia na Ogaden zilikuwa zikiuana.

Dekha Ibrahim Abdi, mwalimu aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, alikuwa na mtoto mdogo. Alisimulia jinsi alivyojificha naye chini ya kitanda usiku mmoja wa milio ya risasi, kisha mama yake akamwambia kwamba Dekha naye aliwahi kufichwa hivyohivyo akiwa mchanga, wakati wa vita vya shifta vya miaka ya 1960. Vizazi viwili vimefichwa chini ya kitanda. Cha tatu kingefuata kama hakuna wa kukikatiza.

Dekha na wenzake hawakuanza kwa kutafuta kiti. Walikutana kwenye harusi, mahali ambapo wanawake wa koo zote wanaruhusiwa kuwapo, wakaulizana la kufanya. Jibu lao la kwanza lilikuwa soko. Pale Wajir wauza maziwa, mboga na mifugo midogo ni wanawake, na vita vilikuwa vimefika hadi hapo: wa ukoo huu hamuuzii wa ukoo ule, na anayejaribu anapigwa. Wakakubaliana kwamba mtu yeyote ana haki ya kununua na kuuza sokoni, awe wa ukoo wowote, kisha wakaweka wanawake wa kupita kila siku kukagua kama agizo linafuatwa. Palipotokea ugomvi waliuamua papo hapo, kabla kaka za wagombanao hawajapata habari.

Soko lilipotulia, wakawafuata wazee. Walijua wazee wa koo kubwa hawatakubali kuongozwa na mwenzao wa ukoo pinzani, seuze na mwanamke, hivyo wakamwomba mzee wa ukoo mdogo, asiyetishia mtu, awe msemaji. Mwaka 1993 likatoka Tamko la Al-Fatah, ambamo wazee walikubaliana juu ya kukomesha uvamizi na juu ya dia, yaani fidia ya damu, badala ya kisasi. Vijana wakaingizwa, wafanyabiashara wakachangishwa, maafisa wa serikali wakashirikishwa, na mwaka 1995 juhudi zote zikawekwa chini ya Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Kamati za amani za wilaya zilizosambaa Kenya miaka iliyofuata zilichukua mfano huo.

Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na Asha akaipokea mwaka uliofuata. Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Dekha alikuwa mmoja wa walioanzisha kundi la raia la kutafuta amani mjini Nairobi, pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazarus Sumbeiywo. Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya barabarani iliyomuua pia mumewe, wakiwa njiani kuelekea Garissa kwenye shughuli ileile ya amani.

Ukiwaweka wanawake hawa wawili pamoja unaona tofauti ya mbinu. Dekha alijenga amani kutoka chini, na wazee walipokuja kuketi walikuta kazi imeshaanza. Asha hakuwa na nafasi hiyo: serikali haikuwapo, mkuu wa wilaya hakuwapo, na uamuzi ulikuwa unafanyika kwenye kumbi za miji ya mbali. Alilazimika kuingia humo.

Saini ya Nairobi

Serikali iliyozaliwa Arta haikuwahi kuitawala nchi. Oktoba 2002 safari ikaanza upya, mara hii nchini Kenya, chini ya jumuiya ya kikanda ya IGAD. Kongamano lilianzia Eldoret, likahamia Mbagathi mwaka 2003, na Balozi Kiplagat, huyohuyo wa Kenya ya 2008, ndiye aliyelisimamia katika kipindi kirefu. Wababe waliosusia Arta sasa walirudi kwa wingi, na ukumbi ukawa mgumu zaidi kwa asiye na kikosi.

Januari 29, 2004, baada ya majuma ya mashauriano mjini Nairobi, viongozi wa makundi walitia saini makubaliano yaliyofungua njia ya serikali mpya ya mpito. Miongoni mwa saini hizo ilikuwamo ya Asha Haji Elmi. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kutia saini mkataba wa amani wa Somalia. Hati ya mpito iliyotungwa ikasema wanawake wasipungue asilimia 12 ya wabunge 275. Mwaka huohuo Asha aliingia katika bunge hilo.

Hesabu ya asilimia 12 ni viti 33. Havikujaa. Na kilichosababisha visijae ndicho kisa chenyewe.

Kiti ni cha nani?

Ukoo wa sita ulipata viti, lakini haukupata mamlaka ya kuteua wa kuvikalia. Viti viliandikwa kwa jina la wanawake, kisha vikagawiwa tena kwa koo tano, na kila ukoo ukaachiwa wazee wake watoe majina. Mzee aliyekuwa na nafasi nne na wanaume kumi wanaomsumbua hakuona sababu ya kumpa binti, hasa binti aliyeolewa kwingine. Wanawake walikuwa wameingia kwa lugha ya ukoo, na lugha hiyohiyo ikatumika kuwatoa.

Takwimu za baadaye zinasimulia hayohayo. Mwaka 2012 viongozi wa Somalia walikubaliana kwamba wanawake wapate asilimia 30 ya bunge jipya, lakini wateuzi walikuwa wazee wa koo 135, na waliopatikana walikuwa chini ya nusu ya ahadi. Katika uchaguzi wa 2016 na 2017 wanawake na washirika wao walibadili mbinu: wakadai viti mahususi vitajwe mapema kuwa vya wanawake pekee, ada ya kugombea ikapunguzwa kwao, na wakafuatilia ukoo kwa ukoo. Wakafika 80 kati ya wabunge 329 wa mabunge mawili, takriban asilimia 24. Mwaka 2022 ufuatiliaji ulilegea na idadi ikarudi karibu na moja kwa tano. Ahadi ya asilimia 30 ilikuwa ileile katika miaka yote hiyo. Kilichobadilika ni nani anashikilia orodha ya majina.

Wasomaji wa Kenya na Tanzania hawana haja ya kwenda Mogadishu kuliona hili. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alifikia hatua ya kumshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutekeleza sharti hilo. Bunge halikuvunjwa. Nchini Tanzania wabunge wa viti maalumu ni wengi, na mara kwa mara mjadala huibuka: mbunge anayeteuliwa na chama atamwajibikia nani, wanawake au chama?

Kwa hiyo wanaomlaumu Asha na wenzake kwa kukubali siasa ya koo hawakosei kabisa, ila lawama wanaielekeza pasipo pake. Kuingia kwa mlango wa ukoo lilikuwa jambo la lazima, maana mlango mwingine haukuwapo. Kasoro ilikuwa kwamba ukoo wa sita peke yake, kati ya koo zote, haukuwa na wazee wake wa kuteua. Hawiye wakichaguliwa na Darod, siku hiyohiyo risasi zingelia. Wanawake ndio waliochaguliwa na wengine, na ikaonekana kawaida.

Kutoka Jeddah hadi Doha

Vita vya kanda yetu sasa vinazungumzwa zaidi na zaidi katika miji ya Ghuba na ya Bahari ya Shamu. Sudan ilipelekwa Jeddah. Julai 19, 2025, serikali ya Kongo na waasi wa AFC/M23, waliokuwa wameshaitwaa Goma na Bukavu, walitia saini tamko la kanuni jijini Doha, Qatar. Walioweka saini ni wanaume wawili. Huku nyuma, mashariki mwa Kongo, wapo wanawake kama Julienne Lusenge, mwanahabari wa redio wa zamani ambaye kupitia shirika la SOFEPADI, lililoanzishwa mwaka 2000, amekuwa akiwahudumia wanawake waliobakwa vitani na kuwatafutia haki mahakamani. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulimpa Tuzo yake ya Haki za Binadamu. Mtu anayejua ni kijiji gani kilivamiwa, na nani, na mwathiriwa alitibiwa wapi, ana habari ambazo mpatanishi yeyote angezihitaji kabla ya kuandika sentensi moja kuhusu usalama wa raia.

Sudan yenyewe ilishayapitia haya. Wanawake walijaa barabarani katika mapinduzi ya 2018 na 2019, na picha ya mwandamanaji Alaa Salah juu ya gari, kidole juu, ilizunguka dunia nzima. Hati ya katiba ya Agosti 2019 iliwaahidi angalau asilimia 40 ya bunge la mpito. Bunge hilo halikuwahi kukaa. Oktoba 2021 majenerali wakapindua, na Aprili 2023 wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Ahadi ya asilimia 40 ilikuwa kubwa kuliko yoyote waliyowahi kuipata wanawake wa Somalia, na ilifutwa kwa asubuhi moja.

Hata hivyo Sudan ina jambo ambalo Dekha angelitambua mara moja. Vita vilipofunga ofisi na hospitali, vijana na wanawake wa mitaa walianzisha vyumba vya dharura, vikundi vya kujitolea vinavyopika kwenye majiko ya pamoja, kuhamisha majeruhi na kutafuta dawa. Vimekuwa vikifanya hivyo katika maeneo ya pande zote mbili. Mwaka 2025 vilipewa Tuzo ya Right Livelihood, ile ya Dekha na Asha. Mwanamke anayesimamia jiko la mtaa katika mji uliozingirwa hujadiliana na wenye silaha kila siku: gunia la mtama lipite, maji yapite, kijana huyu aachiwe. Hayo ni mazungumzo ya amani, na yanafanyika bila mpatanishi wa kimataifa.

Wapatanishi hupenda kusema kwamba ni lazima kuanza na wenye bunduki kwa sababu ndio wanaoweza kuzinyamazisha. Ni hoja yenye uzito, na Arta inathibitisha uzito wake: serikali iliyoundwa bila wababe haikudumu. Lakini Jeddah nayo inathibitisha upande wa pili. Hapo walikuwapo wenye bunduki peke yao, na bunduki hazikunyamaza.

Tangu Arta imepita zaidi ya robo karne, na dai la wanawake halina budi kusonga mbele kutoka pale lilipoachwa. Kuhesabu wanawake waliomo ukumbini hakutoshi tena, kwa kuwa jenerali anaweza kuja na dada yake na hesabu ikatimia. Vikundi vya soko, majiko ya mitaa, mashirika ya waathiriwa na wanawake walio uhamishoni, Jeddah wakiwamo, wakutane wenyewe na kuteua wenyewe, na mpatanishi apokee majina hayo kama anavyopokea ya jeshi bila kuyachuja. Duru ijayo ya mazungumzo ya Sudan, popote itakapofanyika, ipimwe kwa kuuliza orodha ya wajumbe wanawake imeandikwa na nani.